Tiba ya usonji: Mzazi atafute maneno kabla ya pesa

Mzazi wa Maua au Runyenjes akishaambiwa kuwa mwanawe ana usonji, hakawii kusikia kwamba wapo wanaoutibu kwa njia nyingine: kwa kumnyima mtoto ngano na maziwa, kwa vitamini za bei ghali, kwa dawa za kutoa madini mwilini. Habari hizo humfikia kwa simu, kwa jamaa aliye ng'ambo, na pengine kwa mwalimu wa mtoto. Akipata miadi, hutafuta kwanza nauli na ada. Mimi nasema atafute kwanza maneno.

Nisieleweke vibaya. Udaktari wangu ni wa isimu, si wa kutibu watu, wala simwagizi mtu ameze au asimeze chochote. Lakini mkutano wa kwanza baina ya mzazi na tabibu ni mazungumzo, na mazungumzo ndiyo kazi yangu.

Tuanze na jina lenyewe, tiba mbadala. Mbadala ni kitu kishikacho nafasi ya kingine. Aliyekosa sukari hutia asali. Kwa hiyo mzazi alisikiapo neno hilo huamini kuwa ipo tiba ya kawaida inayouponya usonji, na kwamba hii ni ndugu yake. Haipo. Usonji, ambao Leo Kanner aliueleza huko Marekani mwaka wa 1943, ni namna ubongo unavyokua. Mtoto husaidiwa kwa mafunzo ya usemi, ya mawasiliano na ya kujitegemea, na wako wanaopiga hatua kubwa. Kutibu, kuponya na kusaidia ni vitenzi vitatu, si kimoja. Tabibu akisema "tutamtibu", mzazi amwulize anakusudia kipi.

Kisha kuna maneno ya mzazi mwenyewe. Wengi huingia chumbani wakasema "hasemi" au "ni mkaidi", basi. Tabibu naye anauliza maswali yaliyotungwa kwa Kiingereza. Mojawapo lahusu mtoto anayechanganya "mimi" na "wewe". Katika Kiingereza maneno hayo husimama peke yake, na kosa husikika mara moja. Katika Kimeru na Kiembu, kama katika Kiswahili, nafsi imejificha mwanzoni mwa kitenzi. Mtoto mwenye kiu husema "unataka maji", akirudia vile alivyoulizwa jana na mamaye, na mama humletea maji asitambue lolote. Akiulizwa kama mwanawe huchanganya viwakilishi, atajibu kwa moyo mweupe kuwa la. Tena katika nyumba nyingi mtoto asiyemkazia macho mtu mzima husifiwa kwa adabu. Nani atakwenda kumlalamikia daktari juu ya adabu?

Ndiyo maana namshauri mzazi aandike, kwa muda wa majuma mawili kabla ya miadi, kwa lugha ya nyumbani, iwe Kiigembe, Kichuka au Kimbeere, yale hasa mtoto ayatamkayo na ayatendayo. Asiandike "mkaidi", aandike kwamba ameitwa mara tano asigeuke. Mwalimu wa chekechea amsaidie, kwa kuwa yeye humwona mtoto kati ya wenzake. Masikio yapimwe kwanza, maana asiyesikia naye hageuki aitwapo. Na ikiwa mtoto huzubaa ghafla au huanguka, jambo hilo litajwe, kwani kifafa huandamana na usonji mara nyingi. Hayo yaanzie katika hospitali za rufaa za Meru na Embu, na katika vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu ambavyo serikali ilianza kuvifungua mwaka wa 1984.

Sasa hiyo lishe. Majaribio yaliyofanywa hayajaonyesha faida ya kutegemewa. Kuondoa ngano kwetu si taabu kubwa: githeri, nduma, viazi, ndizi na uji wa wimbi havina gluteni, na anayemuuzia mzazi wa Meru unga wa pakiti kutoka ng'ambo aeleze kwanza mtama wa Tharaka una kasoro gani. Maziwa ni jambo jingine. Watoto wengi wenye usonji huchagua mno chakula, na wako wasiokubali ila chai ya maziwa na mkate. Ukiwaondolea vyote viwili, watakula nini, na kalsiamu ya mifupa itatoka wapi?

Dawa za kutoa madini ni hatari zaidi. Zina kazi yake halali kwa mtu aliyethibitishwa hospitalini kuwa na sumu ya risasi mwilini. Lakini mwaka wa 2005 mvulana wa miaka 5 alifariki katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, baada ya kutiwa dawa ya aina hiyo kwa ajili ya usonji: kalsiamu ya damu yake ilishuka, moyo ukasimama.

Swali nilionalo kubwa kuliko yote ni hili: tutajuaje kwamba imeshindwa? Mwaka wa 1998 ilivuma homoni ya utumbo iitwayo sekretini. Mwaka uliofuata ikapimwa: watoto wengine walidungwa homoni, wengine maji ya chumvi, na makundi yote mawili yakaonekana kuendelea sawasawa. Wazazi walipoelezwa matokeo hayo, wengi wao walisema bado wanaitaka. Siwacheki. Mtoto hukua hata bila dawa, na jicho la mzazi mwenye matumaini huona kila anachokitamani.

Basi makubaliano yaandikwe siku ileile ya kwanza: ni tendo gani ambalo mtoto halifanyi sasa na atalifanya, mara ngapi kwa siku, kufikia tarehe gani. Wa kuhesabu awe mwalimu ambaye hakuambiwa dawa ilianza lini. Na tabibu aseme ni jambo gani litakalomfanya yeye mwenyewe aiache. Akishindwa kulitaja kwa lugha ambayo mzazi anaielewa, mzazi amuage kwa heshima, achukue daftari lake na asilipie dawa yoyote siku hiyo.