Saa ya Babu Imepanda Cheo

Babu yangu wa Ndalu alivaa Seiko 5 shambani, matangani na kwenye foleni ya kuuza mahindi. Haikutaka betri, ilijijaza kwa mwendo wa mkono wake. Ukiniuliza nani alilijenga jina la Seiko huku kwetu, nitakutajia wazee kama yeye: walimu, makarani, madereva wa trekta.

Sasa kampuni inawakimbia. Mwaka 2017 iliitenga Grand Seiko ijisimamie, ishindane na Waswisi. Mwaka 2019 ikaiunda upya Seiko 5. Ile SKX007 ya wapiga mbizi, iliyohimili maji mita 200, ikaondolewa. Iliyorithi sura yake inahimili mita 100, na bei imepanda. Mashine ya ndani imeboreshwa, hilo sikatai. Lakini nusu ya kina imeenda wapi?

Utaniambia, kwani kampuni ni kanisa? Hata zamani waliuza ghali: Astron, saa ya kwanza ya kwatzi ya mkononi, ilitoka Desemba 1969 kwa yeni 450,000, bei ya gari dogo. Kweli. Ila Astron haikuwa na mwenzake duniani. Leo tunauziwa “urithi”, na urithi wenyewe ni jasho la kina Babu.

Hapa Ndalu mkulima hufikisha gunia la kilo 90 kisha anauliza, “Mnanunua ngapi?” Mwenye saa haulizi, anatangaza. Wote wawili wameleta mali safi. Mmoja ana hadithi, mwingine ana deni la mbolea.

Nilipoacha chuo kwa kukosa karo, Babu aliivua saa akaipeleka Kitale kuiuza. Alitajiwa bei ya kumchekesha, akaivaa tena akarudi nyumbani kimya. Na sisi vijana tuko hapohapo mjini, tunavaa Rolex feki za Luthuli ili walinzi watufungulie mlango. Bei ya saa imekuwa kitambulisho.

Kama unazo, nunua, sina kinyongo. Lakini usiniambie unalipia ubora pekee. Sehemu ya hizo pesa unalipia umbali kati yako na mzee wa Ndalu.

Saa yake ninayo mimi sasa. Huchelewa dakika chache kila wiki. Naisogeza Jumapili, tunaendelea.