Acheni Kusugua Bunduki kwa Mdomoni

Ndugu mkulima unayemiliki bunduki kwa kibali, nawe askari wa wanyamapori wa kijiji, kuna tabia moja inabidi tuiache. Ni ile ya kutumbukiza fito ya chuma kwenye mdomo wa mtutu na kusugua mpaka jasho likutoke. Wengi wanaita utunzaji. Mimi naita uharibifu.

Tabia hii tumeirithi kwenye gobore. Gobore hujazwa baruti mdomoni na nyuma kumezibwa, kwa hiyo husafishwa hukohuko mbele. Bunduki ya risasi haiko hivyo. Ndani ya mtutu ina mifereji iliyojipinda, inayoizungusha risasi ili ishike njia yake. Mahali pa mwisho risasi inapogusa chuma ni ukingo wa mdomo. Ukingo huo ukilika upande mmoja, gesi ya baruti hutokea hapo kwanza na kuisukuma risasi pembeni. Mwenye bunduki atalaumu risasi, atalaumu shabaha, wengine watasema wamerogwa.

Matokeo yake si mchezo. Nyati aliyepigwa tumboni badala ya begani hujificha kichakani na maumivu yake. Kesho yake anayekutana naye ni mama anayeokota kuni.

Najua utaniuliza: chuma kwa chuma, kitaharibika vipi? Bandu bandu huisha gogo. Fito ikipinda inakwaruza ukingo kila inapoingia na kutoka. Ikiwa na punje za mchanga, umeigeuza msasa.

Fanya hivi:

1. Toa risasi zote, kagua chemba kwa macho na kwa kidole. Risasi ziweke mbali.
2. Toa bolti, safisha kutokea nyuma kwenda mbele. Kama bunduki yako haifunguki nyuma, weka kizuizi mdomoni kinachoshika fito katikati isiguse ukingo.
3. Tumia fito nzima isiyo na maungio, iliyovishwa plastiki. Ifute kila inapotoka.
4. Tumia brashi ya shaba, kamwe si ya nyaya za chuma. Ipitishe mpaka itokeze mbele ndipo uirudishe. Usiigeuze katikati ya mtutu.
5. Malizia na kitambaa safi, kisha kingine chenye mafuta kidogo ya bunduki. Kabla ya kupiga, futa mafuta hayo ndani.

Msasa, mchanga na majivu visiingie kwenye mtutu hata siku moja. Fundi anayekuambia "ngoja niung'arishe" anakula chuma chako na hela yako. Mtutu uliolika haurudishwi kwa kupaka kitu. Ni kukatwa ukingo upya na fundi mwenye leseni, au kununua mwingine.

La mwisho ni kitambaa mnachoziba mdomoni ili nyigu wasijenge. Ukisahau ukapiga, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka usoni mwako. Acheni. Kila unapoichukua bunduki, ikiwa tupu, tazama mtutu kutokea nyuma uone mwanga upande wa pili.

Bunduki haihitaji nguvu zako. Nguvu zipeleke kwenye jembe.