Hata Ukiacha Sukari, Ini Haliachi

Kuna video inazunguka TikTok, msee anauza majani kwa chupa na kuambia watu wa kisukari: wacha sindano, wacha sukari, mwili utajiponya. Komenti zimejaa "amina". Mimi hapana.

Kama hujakula tangu asubuhi, damu yako yote ina sukari kama kijiko kimoja cha chai. Kimoja tu! Ukipiga chapati mbili na soda, kongosho linatoa insulini, ambayo inafungulia sukari mlango wa misuli na kuambia ini liweke akiba. Njaa ikiuma, kongosho hilohilo linatoa glukagoni: ini, toa akiba. Akiba ikipungua, ini linatengeneza sukari mpya kutoka kwa protini. Ndio maana mtu anafunga Ramadhani siku nzima na hazimii.

Sasa hapo ndipo hadithi ya huyo msee inakwama. Kwa kisukari aina ya kwanza, kinga ya mwili imeharibu seli za insulini. Za glukagoni bado zinapiga kazi, na insulini ndiyo ilikuwa inazituliza. Ikikosekana, ini linasikia "tuna njaa" hata damu ikiwa imejaa sukari. Kunywa chai ya strungi bila sukari mwezi mzima, ini bado linamimina. Mafuta nayo yanavunjwa, yanageuzwa ketoni, damu inakuwa na asidi. Mtu anakojoa sana, anatapika, anahema, pumzi inanuka matunda. Bila insulini anakufa, na inaweza kuwa ndani ya siku chache.

Na hii ya kujinyima ilishajaribiwa, si jambo jipya. Kabla ya insulini, madaktari Marekani waliwapa watoto wa kisukari chakula kidogo sana, wakabaki mifupa, na bado wakafa. Januari 1922, pale Toronto, kijana Leonard Thompson akadungwa insulini. Aliishi hadi 1935.

Aina ya pili ni tofauti, chakula na mazoezi vinasaidia sana, wengine hata hupunguziwa dawa na daktari. Lakini muuza chupa haulizi uko na aina gani. Anajua tu insulini ni pesa, na kuna mwisho wa mwezi mtu anachagua kati ya dawa na unga. Hapo ndipo anapata wateja.

Ukiiona hiyo video, ripoti. Na kama kwenu kuna mtu wa sindano, muulize leo amebakisha dawa ya siku ngapi.