Hongo ya Nyumba: Nani Apaswaye Kuilipa?

Neno letu safari hii ni juu ya fedha anayokatwa mpangaji kila mwezi kwa deni lisilo lake, na juu ya ada nyingine ambazo zaweza kuja kwa njia iyo hiyo tukinyamaza.

Mwezi wa Agosti 2021 Serikali ilianza kuitoza kodi ya majengo katika umeme wa LUKU. Nyumba ya kawaida yenye umeme ilikatwa Sh. 1,000 kwa mwezi, na nyumba ya ghorofa mjini Sh. 5,000 kwa kila ghorofa. Julai 2023 viwango vikapandishwa, vikawa Sh. 1,500 na Sh. 7,500. Sheria haikumgeuza mdaiwa: mdaiwa ni mwenye jengo. Lakini mita haimjui mwenye jengo. Yamjua anunuaye umeme, naye katika nyumba za kupanga ni mpangaji.

Watu walipouliza, waliambiwa kwamba mpangaji aelewane na mwenye nyumba wake. Waelewane! Karani wa daraja la chini aliyefika jana kwa uhamisho, magodoro yangali juu ya gari na watoto wamelala sebuleni kwa jirani, ataelewana namna gani na mtu aliyeshika ufunguo? Akisema, "Bwana, nipunguzie kodi yangu kwa kadiri ya niliyokulipia," atajibiwa kwamba wako wengine waitakao nyumba hiyo. Wala hana pa kukimbilia kwa wepesi, maana Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya 1984, ambayo ilikuwa na baraza lake la kuamua mambo ya namna hii, ilifutwa mwaka 2005.

Tena yako mabaya zaidi kwa mtumishi kuliko kwa mtu mwingine. Nyumba ikikaa tupu bila kununuliwa umeme, deni la miezi ile hukaa juu ya mita likimngoja wa kwanza kuingia. Nasi watumishi ndio tuingiao nyumba zilizokaa tupu, kwa kuwa ndio tuhamishwao. Mwalimu apelekwaye kituo kipya aweza kununua umeme wake wa kwanza akaona sehemu kubwa ya fedha yake imekwenda kulipa miezi ambayo yeye alikuwa wilaya nyingine, chini ya paa nyingine, akiilipia hiyo nayo.

Wako wasemao, "Sh. 1,500 ni kitu gani, hata waungwana wapige kelele?" Basi na tuhesabu, maana hesabu ndiyo kazi yetu. Tangu Agosti 2021 mpaka Juni 2023 ni miezi 23, yaani Sh. 23,000. Tangu Julai 2023 mpaka Juni 2025 ni miezi 24, yaani Sh. 36,000. Jumla Sh. 59,000, kwa nyumba ya chini. Mwenye kupanga ghorofa moja nzima mjini, kwa muda huo huo, ni Sh. 295,000. Hebu mwenye nyumba atolewe fedha hiyo mfukoni mwake mbele ya watu, tuone kama ataiita ndogo.

Watu wa Unyanyembe hawana haja ya kufundishwa jambo hili na wageni. Njia ya misafara ilipita hapa petu, ikitoka pwani kwenda Ujiji, na kila msafara ulitoa hongo kwa watemi wa njiani. (Siku hizi neno hongo lina maana ya rushwa, zamani lilikuwa ushuru wa kupita.) Ugogo, ambako maji ni ya shida, msafara uliweza kungojeshwa kambini siku kadhaa, wajumbe wakienda na kurudi, mpaka hesabu ya nguo, ushanga na masango ipatane. Wasafiri walilalamika sana, na pengine walikuwa na haki. Hata hivyo yalikuwamo mambo mawili ambayo kodi hii ya LUKU haina. La kwanza, hongo ilijadiliwa mchana kweupe, kila mtu akijua mtemi fulani ametaka doti ngapi, naye ameruhusu nini, njia au kisima. La pili, na hili ndilo kubwa, hongo ilitoka katika bidhaa za mwenye msafara. Mpagazi wa Kinyamwezi aliichukua merikani begani mwake toka Bagamoyo mpaka Tabora, lakini hakuna aliyemwambia, "Mzigo uko begani mwako, basi toa hongo katika posho yako." Huyo angeweka mzigo chini akaenda zake. Sisi twaishi ndani ya mali ya mtu kama mpagazi alivyochukua mali ya mtu, na hongo yatolewa katika posho yetu.

Na isisemwe kwamba twachukia kodi. Mji hauwezi kuwa na barabara wala taa pasipo fedha, nasi tulio maofisini twajua kuliko wengine jinsi wenye majengo walivyokuwa wakizikwepa ankara. Kukata katika umeme ni njia nyepesi, twakubali. Lakini wepesi wa kukusanya haumfanyi asiyedaiwa kuwa mdaiwa.

Hapa ndipo tufikapo kwenye ada za huduma katika nyumba za umma, ziwe za halmashauri, za Wakala wa Majengo au za Shirika la Nyumba. Ada ya namna hii yaweza kuwa ya haki: kuna taka za kuzolewa, mlinzi wa kulipwa, taa ya ngazini, shimo la maji machafu la kuzibuliwa. Mpangaji atumiaye alipe. Lakini ukuta ukipasuka, au bati likivuja, hiyo ni kazi ya mwenye jengo, na kodi ya pango ndiyo yake. Ikiwa bati litaitwa "huduma", basi twalipa mara mbili. Sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo iliuweka mchango wa matengenezo ya pamoja juu ya wamiliki wa sehemu hizo. Sioni kwa nini mpangaji wa umma awe chini ya hapo. Na Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1985, mpangaji atozwaye ada ya huduma aweza kudai muhtasari wa gharama zote, na ada isiyo ya kiasi hailipwi. Je, sisi tuitakao hesabu hiyo hiyo tutaitwa wakorofi?

Sababu ya kulisema hili mbele ya watumishi ni kwamba wengi wetu hatuna nyumba ya kazi tena. Tangu 2002 Serikali iliuza maelfu ya nyumba zake kwa watumishi waliokuwamo wakati ule. Waliokuja nyuma yao walikuta kuta za watu. Mtu asituambie basi kwamba kupanga ni hiari yetu.

Kwa hiyo twataka haya. Kila mkataba wa pango uandikwe, na ndani yake isemwe kwamba kodi ya jengo iliyokatwa katika LUKU hupunguzwa katika pango la mwezi ufuatao. Deni la miezi ya nyuma ya kuingia lilipwe na mwenye nyumba kabla ya ufunguo kutolewa. Halmashauri au shirika litakaloleta ada ya huduma libandike mlangoni, kila robo ya mwaka, fedha iliyopokewa na kazi iliyofanywa.

Wakati tukingoja, kila mwanachama aliyepanga azihifadhi risiti zake za umeme, za simu na za karatasi, akiandika tarehe, fedha aliyolipa na fedha iliyokatwa kwa kodi ya jengo, kisha ampe katibu wa tawi lake nakala. Wa Ntalikwa wasingoje mpaka waje mjini. Watume kwa yeyote ajaye.