Majaribio ya magari ya kivita: kinga ya askari na ya fedha za umma

Ununuzi wa magari ya kivita hutumia fedha nyingi za umma, na ubora wa magari hayo huamua usalama wa askari wanaoyatumia. Kwa sababu hiyo, nchini Marekani gari la aina hiyo hupitia kwanza viwanja vya majaribio vya Jeshi la Nchi Kavu, kikiwemo kile cha Aberdeen katika jimbo la Maryland, kilichoanzishwa mwaka 1917.

Katika viwanja hivyo, gari huendeshwa kwa maelfu ya kilomita juu ya mawe, matope na miinuko mikali. Aidha, hupelekwa Yuma, katika jangwa la Arizona, kupimwa kwenye joto kali na vumbi, na Alaska kupimwa kwenye baridi kali. Lengo ni kubaini udhaifu mapema, wakati bado unaweza kurekebishwa.

Hata hivyo, historia inaonesha kuwa kuwepo kwa uwanja pekee hakutoshi. Katika miaka ya 1980 kuliibuka mvutano kuhusu gari la kubebea askari liitwalo Bradley. Kanali James Burton wa Jeshi la Anga, aliyekuwa akifanya kazi katika Wizara ya Ulinzi, alitaka gari hilo lipigwe kwa silaha halisi likiwa limebeba mafuta na risasi, kama linavyokuwa vitani. Hoja yake ilikuwa kwamba jaribio lisilofanana na vita halimwambii askari ukweli kuhusu hatari inayomkabili.

Mvutano huo ulilifikia Bunge, ambalo lilipitisha sheria inayotaka magari na silaha za aina hiyo zijaribiwe kwa mapigo halisi, na ripoti iwasilishwe bungeni kabla ya uzalishaji mkubwa kuanza. Matoleo ya Bradley yaliyofuata yaliongezewa deraya, pamoja na kitambaa maalumu cha ndani cha kuzuia vipande vya chuma visiwadhuru askari.

Changamoto nyingine ni muda. Mwaka 2007, askari wengi walipokuwa wakiuawa nchini Iraq kwa mabomu ya kutegwa barabarani, Waziri wa Ulinzi, Robert Gates, aliyapa kipaumbele magari ya MRAP, yenye kitako cha umbo la V kinachotawanya nguvu ya mlipuko. Magari hayo yalipelekwa vitani huku majaribio yakiendelea. Yaliokoa maisha, lakini uzito na kimo chake viliyafanya yapate shida katika njia za milima ya Afghanistan, hali iliyosababisha kuagizwa kwa gari jepesi zaidi, M-ATV, mwaka 2009.

Mafunzo hayo yanazihusu pia nchi zinazonunua au kubuni magari yao, ikiwemo Tanzania, ambako Shirika la Nyumbu lililopo Kibaha, mkoani Pwani, linashughulikia teknolojia ya magari chini ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Gari lililofaulu jangwani si lazima lifaulu katika udongo wa mfinyanzi wakati wa masika. Vilevile, anayepima hapaswi kuwa yule yule anayeuza, na matokeo yanapaswa kumfikia mwenye mamlaka ya kuidhinisha malipo kabla mkataba haujasainiwa.