Msahafu Hauombewi Kura

Na Hamisi Juma Mbwana

Mwaka 2002 Pakistan ilishuhudia jambo ambalo wengi waliapa kuwa haliwezekani. Vyama sita vya Kiislamu, vya Sunni na Shia, na ndani ya Sunni vya Deobandi na Barelvi, watu waliokuwa wakikufurishana mimbarini, viliingia uchaguzini pamoja kwa jina la Muttahida Majlis-e-Amal. Mzee Shah Ahmad Noorani aliongoza, Maulana Fazlur Rehman na Qazi Hussain Ahmad wakiwa nguzo. Kilichowakutanisha ni hasira: Marekani ilikuwa ikishambulia Afghanistan, ng'ambo tu ya mpaka, na Jenerali Musharraf, mtawala wa Pakistan, alikuwa upande wake.

Kuungana huko nakuheshimu. Katika nchi ambamo waumini walikuwa wakipigwa risasi misikitini kwa sababu ya madhehebu, kuwaona masheikh wa Sunni na wa Shia jukwaa moja si jambo dogo.

Ninachokipinga ni kile walichokifanya na alama yao ya uchaguzi. Walipewa kitabu, na wapiga debe wao wakapita wakiwaambia watu kuwa kitabu hicho ni Qur'ani. Mfikirie mama asiyejua kusoma, yuko nyuma ya pazia, mkononi ana muhuri wa kupigia kura. Ataugonga wapi kwingine, ikiwa ameaminishwa kwamba kukiruka kitabu ni kuyaruka maneno ya Mola wake? Mtu huyo hajaachiwa hiari yoyote.

Walipata takribani asilimia 11 ya kura nchi nzima, wakashika serikali ya mkoa wa mpakani, Akram Khan Durrani akiwa Waziri Kiongozi. Huko Peshawar, mji mkuu wa mkoa huo, mabango yenye picha za wanawake yakashushwa, muziki ukakatazwa mabasini. Mwaka 2005 wakapitisha muswada wa Hisba, wa kusimamia maadili ya watu. Mahakama ya Juu ikaona sehemu zake zinakiuka katiba.

Lakini lililoniuma zaidi ni la Desemba 2003. Wabunge hao hao waliochaguliwa kwa hasira dhidi ya Musharraf walimsaidia kupitisha marekebisho ya katiba yaliyouhalalisha utawala wake, kwa ahadi kwamba atavua magwanda kufikia mwisho wa 2004. Aliyavua Novemba 2007.

Uchaguzi wa 2008 ulipofika, Jamaat-e-Islami, kimoja cha vyama vile sita, ikasusia, chama cha Fazlur Rehman kikagombea, muungano ukavunjika. Mkoa ukachukuliwa na Awami National Party, chama kisichojinadi kwa dini. Vyama vya kidini vikaungana tena 2018, vikashindwa na chama cha Imran Khan.

Sheikh anayetaka ubunge agombee. Ana haki sawa na mwalimu au mfanyabiashara. Aulizwe habari za maji, zahanati na ada za shule, na akivunja ahadi aondolewe kama mwanasiasa mwingine yeyote. Msahafu auache msikitini. Nawe mpiga kura, anayekuambia kwamba kumnyima kura ni kumkosea Mungu, mnyime.