Mbwa wa ulinzi na daftari la ukoo

Kuanzia Kiriri hadi Kinindo, mitaa ya Bujumbura, German Shepherd nyuma ya geti ni sehemu ya ulinzi kama taa ya usiku. Mnunuzi huonyeshwa picha kwenye simu, hutajiwa bei, kisha huambiwa mbegu ni "safi". Safi kwa ushahidi gani? Nyonga za mbwa zikianza kulegea, muuzaji hapokei simu tena.

Vyama vya wafugaji wa mbegu moja vipo kwa ajili ya swali hilo. Chama cha Ujerumani cha German Shepherd, kilichoanzishwa 1899, hakikubali azalishwe mbwa ambaye nyonga zake hazijapigwa eksirei. Lakini kisa cha kutufunza zaidi kiko ng'ambo ya ziwa. Basenji, mbwa wa Kongo asiyebweka, alienea Ulaya na Marekani kutokana na mbwa wachache mno, na vizazi vikaandamwa na maradhi ya figo na damu. Wapenzi wake Wamarekani hawakuficha aibu hiyo. Walisafiri hadi Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, 1987 na 1988 kutafuta damu mpya, na 1990 daftari la ukoo lililokuwa limefungwa likafunguliwa kuwapokea mbwa waliotoka huko. Leo kipimo cha vinasaba huonyesha mbwa gani wasipandishwe pamoja.

Bujumbura haihitaji maonyesho ya mbwa wala vikombe, hayo yatajileta. Madaktari wa mifugo na wafugaji waanze na daftari moja tu: wazazi, chanjo ya kichaa cha mbwa, hali ya nyonga, na jike amezaa mara ngapi. Muuzaji asiyemo humo, wanunuzi wamkatae.